Aliyetukataza Kusema "Tu"

Kulikuwa na neno moja ambalo hukuweza kulitamka mbele yake ukabaki na amani yako, nalo ni dogo kuliko karibu maneno yote tunayoyatumia kila siku: tu. Wenye ofisi zao hukataza matusi. Yeye matusi aliyavumilia, maana alisema mtu anayeng'olewa jino ana haki zake. Lakini ukimwambia "ni kidonda tu," aliweka chini kioo chake kidogo cha kuangalizia kinywa, akavua glovu taratibu, nawe ukajua siku yako imeharibika.

Wagonjwa walimwita Dokta Mkubwa. Mimi nilipoajiriwa pale, nikiwa nimetoka chuoni na koti langu jeupe bado lina mikunjo ya dukani, wakaniita Dokta Mdogo, kama watu wanavyosema baba mkubwa na mama mdogo, tukawa ndugu bila kuulizwa. Alizaliwa wapi na nani alimzaa, sijui, na anayetaka ukoo akaulize kwingine. Hata jina lake silitaji hapa. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kueleza kitu bila kukipa jina, na leo zamu yake imefika.

Kliniki yetu ya meno ilikuwa ghorofa ya kwanza ya jengo la zamani Kariakoo, katika mtaa unaotokea Msimbazi, juu ya duka la vitambaa la Mangi. Ukifungua dirisha unasikia spika za machinga zikirudia bei moja kutwa nzima, na wabeba mizigo wakiomba njia kwa ukali. Dirisha lile alilifunga yeye kila asubuhi, na kila asubuhi feni ikaharibika au umeme ukakatika, tukalifungua tena. Alikasirika upya kila siku, kana kwamba jana haikuwahi kutokea.

Wiki yangu ya kwanza alikuja kuli mmoja anayeumwa gego. Nikamwangalia, nikaona kitu ndani ya shavu lake, nikasema, "Dokta, hapa ana kakidonda kadogo tu."

Akaja taratibu, akasimama nyuma yangu.

"Hiyo 'tu' umeipimia nini? Rula au mizani?"

Mgonjwa akacheka huku mdomo uko wazi.

"Basi nionyeshe," akasema. "Kidonda nimekiona. Sijaiona 'tu'. Iko upande gani wa shavu?"

Baada ya mgonjwa kuondoka ndipo aliponieleza, na maelezo yale ninayakumbuka neno kwa neno kwa sababu baadaye yalikuja kuniumiza. "'Tu' si neno la daktari. Ni neno la mtu anayeogopa. Mgonjwa akilisema, msamehe, anajipoza. Wewe ukilisema, umemdanganya." Halafu akaongeza kwamba hiyo *ka-* ya kakidonda ni dada yake *tu*, wamezaliwa nyumba moja, nisije nikamletea tena hata mmoja wao. Tangu siku hiyo niliogopa silabi mbili za Kiswahili kuliko nilivyoogopa damu.

Watu wanadhani daktari wa meno anaangalia meno. Yeye alikuwa akisema meno ni fanicha. "Mtu akikuita ukague nyumba, utahesabu viti? Angalia kuta, angalia dari, inua zulia." Hivyo kila aliyekalia kiti chetu, hata aliyekuja kusafishwa meno kwa ajili ya harusi yake Jumamosi, alikaguliwa nyumba nzima: midomo kwa nje, midomo kwa ndani, mashavu, fizi, kaakaa, halafu ulimi. Aliushika ulimi kwa kipande cha gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, akauvuta nje, akaugeuza huku na huku. Alisema ulimi una mgongo, una tumbo na una mbavu, na kwamba ubaya hupenda mbavu. Wengine walilalamika kwamba wamelipia jino, si ulimi. Aliwajibu kwamba ulimi ni bure na wakae kimya, jambo ambalo hata hivyo hawakuwa na namna ya kulipinga akiwa ameushika.

Alipokuta kitu, alikisema kwa sauti ili mimi niandike. Kiko wapi. Ukubwa wake kwa milimita. Rangi. Kingo zake zimelala au zimeinuka. Juu pakoje, laini au pana mikwaruzo. Ukigusa, panabonyea au pamekakamaa. Panauma au hapaumi, na hapo alikuwa akinitazama, kwa sababu alishaniambia mara nyingi kwamba kisichouma ndicho cha kuogopa. Kisha swali la mwisho, tangu lini. Jina la ugonjwa halikutajwa. "Jina si lako," alisema. "Jina litatoka kwa yule atakayekata kinyama akakiangalia kwa darubini. Kazi yako ni kusema unachokiona, ili hata asiyekuwepo akione."

Kwa sababu rangi na mguso havifundishiki kwa maneno, siku moja alinishusha hadi dukani kwa Mangi. Mangi alikuwa Mchaga mnene, mwenye subira ya wauzaji wa jumla, anayeweza kukupimia kitambaa huku anaongea na simu mbili. Dokta Mkubwa akamwomba mahameli nyekundu. Akaniambia nifumbe macho nipitishe kidole, kwanza kwa kufuata manyoya ya kitambaa, kisha kinyume chake.

"Kuna wekundu wa mtu aliyeungua na chai," akasema, "na kuna wekundu wa hivi. Wa kwanza utapona wenyewe. Huu ukiuona kinywani mwa mtu, usimwache afike ngazini bila barua ya hospitali."

"Dokta, mnaniharibia mahameli ya watu wa harusi," Mangi akasema.

"Tumegusa kwa kidole."

"Kidole kimetoka mdomoni mwa watu."

Tangu hapo Mangi hakuniruhusu kugusa mahameli bila kuninunulisha. Lakini somo liliingia. Na mwalimu huyo huyo aliyenishikisha mahameli, siku nilipoandika kwenye faili kwamba uvimbe una ukubwa wa harage, aliniita mbele ya mgonjwa na kuniuliza harage la Mbeya au la Kilimanjaro, bichi au lililolowekwa. Mfano ni wa kujifunzia, alisema, faili ni la kipimo. Ukimwuliza mbona jana ulitumia mfano, anakwambia jana haikuwa faili.

Ugonjwa huu wa kutoamini maneno aliupeleka kila mahali. Jumapili moja tulikutana dukani kwa Mangi, ambaye ni mtu wa timu ya Jangwani damudamu na aliweka televisheni nyuma ya majora ya vitambaa. Goli likaingia, mtaa mzima ukapiga kelele.

"Umeona hilo, Dokta? Bonge la goli."

"Bonge sijaliona. Nimeona mpira umegonga goti la beki ukaingia."

"Ndiyo maana huna rafiki," Mangi akamwambia.

Tulicheka, naye akacheka, mkono ukiwa mbele ya mdomo kama kawaida yake. Lakini Mangi alisema kweli. Dokta Mkubwa hakuwa na rafiki zaidi ya Mangi mwenyewe, na Mangi alikuwa rafiki yake kwa sababu ya jengo moja tulilokuwamo wote.

Nisije nikamfanya mtamu kuliko alivyokuwa. Alikuwa mkali bila sababu, na pale alipokuwa na sababu alizidisha. Mara moja alinifokea mbele ya mwanamke niliyemtibu vizuri kabisa, kosa langu likiwa nimeandika "kushoto" bila kusema kushoto kwa nani, nikaenda kutoa machozi kwenye kachumba ka maboksi ya glovu. Naam, *ka-*, kalikuwa kadogo kweli. Siku nilipogundua mwenyewe, bila yeye, baka jeupe kwenye shavu la mzee mmoja, baka ambalo madaktari wengine wawili walilipita, nilimwita nikiwa nimejaa furaha. Akainama, akaangalia kwa muda mrefu, akaniuliza, "Milimita ngapi?" Nikamwambia. Akarudi kwenye kiti chake. Katika miaka yote sikusikia neno "vizuri" likitoka kwake kuja kwangu. Hilo sijamsamehe, na sioni kwa nini kifo kimsafishe mtu kiasi hicho.

Lakini nieleze pia habari ya mama mmoja wa Feri, soko la samaki, kwa sababu bila yeye hamtaelewa hasira yangu.

Alikuwa mkaanga samaki, mikono yake ina alama za mafuta hadi kwenye viwiko. Alikuja kung'oa jino. Dokta Mkubwa akakagua nyumba nzima, akafika kwenye ubavu wa ulimi, akasimama hapo.

"Mama, hiki kina muda gani?"

"Hicho? Ni kidonda tu, mwanangu. Jino limenichubua."

Yeye alimsamehe ile "tu", kama alivyosema kwamba mgonjwa husamehewa. "Tangu lini?"

"Tangu mvua zile, Jangwani ilipojaa."

Mvua zile zilikuwa zimekwisha siku nyingi. Akasawazisha lile jino lililochongoka ili lisiendelee kuchubua, akamwambia arudi baada ya wiki mbili, kwa sababu kidonda cha kinywani kinachokataa kupona wiki mbili baada ya kuondolewa kinachokichubua si cha kuangaliwa tena, ni cha hospitali kubwa. Mama yule hakurudi. Simu yake haikupatikana.

Basi Dokta Mkubwa alifunga kliniki mchana kweupe, akanichukua, tukaenda Feri. Bado namwona amesimama katikati ya wakaangaji, tai shingoni, moshi wa mafuta umemjaa machoni, akiuliza kikaango hadi kikaango. Tulipompata, mama aliona aibu.

"Dokta, nitakuja. Kesho nakuja."

"Fungua mdomo."

"Hapa? Mbele za watu?"

"Mama yangu, aibu haijawahi kumuua mtu hapa Feri," akamwambia, sauti ya chini kabisa ambayo sikuwahi kuisikia kliniki. "Hicho kinaua."

Akatoa glovu mfukoni. Mama akafungua mdomo pale pale, wenzake wakiwa wameacha samaki wanaungua. Kidonda kilikuwa hakijapungua. Wiki ile ile kinyama kilichukuliwa, kikapimwa, na mama akafanyiwa upasuaji, wakamwondolea kipande cha ulimi. Yuko hai hadi leo. Bado anakaanga pale pale, na akikuita ununue samaki unasikia "thamaki", wateja wamezoea. Kila Ijumaa alituletea samaki changu wawili wamefungwa kwenye gazeti, na Dokta Mkubwa alimlipa kwa ukali ule ule aliowadai nao wasiolipa.

Sasa njoo kwenye tambuu.

Mgonjwa wa mwisho akishashuka, Dokta Mkubwa alikunja mikono ya shati, akaenda hadi kona ya mtaa, kwa mzee mmoja wa Kiarabu ambaye familia yake ina duka la ubani na viungo, na mbele ya duka ana meza ya tambuu. Jani, chokaa, popoo, tumbaku. Akaitia shavu la kushoto, akarudi kuegemea kaunta ya Mangi, na hapo ndipo alipokuwa mtu wa kawaida kwa saa moja ya siku. Mtu huyu kutwa nzima alikuwa amewaambia watu waache tumbaku, waache ugoro, waache popoo. Aliwaonyesha picha za mashavu ya watu. Kuna dereva mmoja alimfokea hadi akaitupa dirishani pakiti yake ya kuberi, ile tumbaku ya kutia mdomoni.

Nilimwuliza mara moja, mwanzoni, nikiwa bado na ujasiri wa ujinga.

"Mganga hajigangi, binti," akaniambia, akacheka, mkono mbele ya mdomo.

Methali ile niliiona ya kuchekesha. Siku hizi naiwaza mara kwa mara, na nimegundua alivyoitumia vibaya, yeye aliyetupigia kelele kuhusu maneno. Mganga hajigangi maana yake aende kwa mganga mwingine. Mganga mwingine alikuwa anakaa chumba cha pili, mlango uko wazi, analipwa mshahara na yeye mwenyewe.

Aliyeona kwanza ni Mangi. Walikuwa na kawaida ya kununua mishkaki pamoja, na Dokta Mkubwa alikuwa mtu wa pilipili hadi jasho limtoke kiparani. "Mwenzako ameacha pilipili," Mangi akaniambia siku moja tukiwa ngazini. "Anasema tumbo." Nikaanza kumwangalia. Nani alinifundisha kuangalia? Chai aliiacha ipoe hadi ikafanya utando juu. Tambuu ilihamia shavu la kulia. Nyama aliitafuna polepole upande mmoja, kisha akaacha nyama, akawa anakunywa uji wa chupa aliyoleta kutoka nyumbani. Akimeza, jicho moja lilijifumba kidogo na mkono ukaenda sikioni.

Nilisubiri mgonjwa wa mwisho atoke. Nikavaa glovu, nikawasha taa ya kiti.

"Dokta, naomba ukae hapa kidogo."

Akatazama kiti kama hakijui. "Nimekuajiri uwachungulie wagonjwa au unichungulie mimi?"

"Unatafunia upande mmoja. Pilipili umeacha. Ukimeza unaumia sikio, nakuona."

"Jino tu hilo."

Lilimtoka. Mimi nikalisikia, naye akalisikia. Feni ilikuwa inazunguka na chini Mangi alikuwa anateremsha mlango wa chuma wa duka lake. Nikamwambia, "Hiyo 'tu' umeipimia nini, Dokta?"

Alichukua koti lake, akashuka ngazi, hakupita kwa mzee wa tambuu. Kesho yake akanipa funguo, akasema anapumzika, umri umekwenda, kliniki niiangalie. Alisema vile akiwa amegeukia dirisha.

Nilikwenda nyumbani kwake. Mkewe akanipokea vizuri, shikamoo, marahaba mwanangu, karibu kiti, akaniletea juisi ya ukwaju. Lakini Dokta amelala. Nikaenda tena, Dokta ametoka. Mara ya tatu nilikiona kivuli chake nyuma ya pazia la chumbani, kimesimama bila kutikisika, kinasubiri niondoke. Nikamwambia mkewe, kwa sauti ya kumfikia aliyeko nyuma ya pazia, kwamba kinywa chake lazima kiangaliwe, nami au na mwingine yeyote anayemtaka, na si mwezi ujao. Mkewe akainama akaokota bilauri. Nadhani alikuwa amekatazwa kunijibu.

Msibani, wanaume wakiwa wamekaa chini ya turubai na sisi wanawake kwenye mikeka ndani, nilisikia ikisemwa tena na tena kwamba hakuna aliyejua. Alikuwa mtu wa siri, walisema. Ilimkuta ghafla. Mama mkaanga samaki wa Feri alilia kuliko ndugu, alikuwa akirudia kwa ule ulimi wake mfupi kwamba yule mtu alimfuata yeye hadi kwenye kikaango, kwa nini hakuna aliyemfuata naye. Nikamshika mkono, sikumjibu, maana jibu lingemfanya amchukie. Mtu mzima mmoja akatufariji kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Ni kweli haina. Ya binadamu inayo, na mimi niliiona ikifanyika kwa macho yangu, mchana, kwa miezi.

Kwa nini alifanya vile? Mangi anasema ni aibu: daktari wa meno kufa kwa kinywa, tena kwa tambuu, Kariakoo ingemcheka hadi kaburini. Huenda. Mimi nafikiri aliogopa kukatwa ulimi. Mtu aliyeishi kwa kusema kila kitu kilivyo, kingo zake na rangi yake, angebaki na nini? Namwelewa, na kumwelewa hakujanipunguzia hasira. Yule mama naye alikuwa na ulimi aliouhitaji. Alikuwa anautumia kuita wateja.

Sasa niseme mara ya mwisho nilipomwona.

Ilikuwa asubuhi ya mvua kubwa. Jangwani ilikuwa imejaa, barabara imefungwa, na wagonjwa wangu wote walikuwa wamekwama upande wa pili. Nilikuwa peke yangu nasafisha vifaa niliposikia ngazi. Alipanda kwa kupumzika. Aliingia viatu vimejaa tope, amekonda, shingoni amezungusha kitambaa cha sufu katika joto lile la Dar.

"Shikamoo, Dokta."

Akaitikia kwa kichwa. Akavuka chumba, akapanda kiti cha wagonjwa, akaegemeza kichwa, akafungua mdomo kiasi alichoweza. Hakikuwa kikubwa. Harufu ilinifikia kabla sijawasha taa.

Nilivaa glovu. Sikujua la kufanya, kwa hiyo nikafanya aliyonifundisha. Nikaanza na midomo kwa nje, nikaja kwa ndani, nikaenda mashavu, kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu wa kuandika. Shavu la kushoto lilikuwa na baka jeupe, gumu, lenye nyufa, nikalisema. Fizi, kaakaa. Kisha nikaushika ulimi kwa gozi, nao haukuvutika.

"Ubavu wa ulimi, kushoto kwa mgonjwa," nikasema. "Kidonda kimoja. Kingo zimeinuka na zimebinuka kwa nje. Katikati kuna shimo, rangi ya kijivu na nyekundu. Ukigusa pamekakamaa. Panatoka damu." Nikachukua rula, nikapima, nikataja milimita, na namba ile niliisikia kama inatajwa na mtu mwingine.

Akainua kidole. Nikasimama. Akakielekeza chini ya kidevu chake, akagonga hapo taratibu.

Nikainamisha kioo, nikaangalia. "Kimeingia hadi sakafu ya kinywa," nikasema. "Kimevuka katikati."

Akashusha kidole, ameridhika kwamba sasa maelezo yamekamilika.

Hapo ndipo nilipoelewa, na kama ningekuwa mwanaume labda ningempiga. Alikuwa anajua. Hakuwa mtu aliyefumba macho akaomba Mungu. Kule nyuma ya pazia alikuwa na kioo chake na taa yake, akikikagua kikienea siku hadi siku, anajua mpaka wake ulipo kuliko mimi niliyekishika. Alikipima tangu kilipokuwa cha kuondolewa kwa kipande kidogo, kama cha yule mama. Alikuwa na kila kitu cha kusema isipokuwa mtu wa kumwambia, na mtu huyo, yaani mimi, alimfungia mlango.

Nilifungua kitambaa cha shingo. Uvimbe upande wa kushoto, mgumu, hausogei. Nikausema pia. Kisha nikamsaidia kukaa wima, nikampa maji ya kusukutua, mengi yakamwagika kwenye shati.

Alinitazama kama anayeomba. Nimetazamwa vile na wagonjwa wengi, lakini yeye sikuwahi kudhani analo jicho lile. Akajaribu kusema kitu.

"Hi hihonha hu."

Sikuelewa. Akarudia, polepole, jasho likimtoka kwenye paji.

"Hi hihonha hu."

Safari hii nilielewa. Ili mtu aseme *d*, ili mtu aseme *t*, ncha ya ulimi lazima ipande ikaguse nyuma ya meno ya juu, na wake ulikuwa umegandishwa chini, haupandi popote. Neno alilotukataza maisha yake yote, sasa alilitaka, na lilikuwa limemshinda kutamka.

Akagusa midomo yake kwa kidole. Kisha akakielekeza kidole kile kwenye midomo yangu, na kukiacha hapo hewani.

Alitaka nimsemee. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya jirani, na chini Mangi alikuwa anawafokea vijana wake wasogeze mahameli maji yasiifikie. Nilijua neno lenyewe lilivyo jepesi, silabi moja, pumzi kidogo. Mwanamke mwenye huruma kuliko mimi angelisema, na labda hata mimi ningelisema kwa mtu mwingine yeyote.

"Ni kidonda, Dokta," nikasema.

Akaendelea kunitazama, kichwa amekiinamisha kidogo, anasubiri neno lililobaki. Nikavua glovu, nikachukua simu kupiga hospitali. Iliita kwa muda mrefu, na muda wote huo yeye alikuwa bado anasubiri.